Kunyanyua Pikapu: Unachokipata na Usichokipata

Masika yakikaribia, wenye pikapu wa Kilwa na Lindi huanza kuulizia spesa za kunyanyulia gari. Hoja yao inaeleweka. Ukitoka Nangurukuru kuelekea Liwale, au ukiiacha lami pale Njia Nne uende Kipatimu kwenye milima ya Matumbi, malori huichimba njia ya udongo mpaka katikati linabaki tuta, na tuta hilo ndilo linalokwaruza tumbo la gari. Lakini kabla ya kulipa, piga magoti nyuma ya pikapu yako utazame ni kitu gani kilicho chini kuliko vyote. Ni difu ya nyuma.

Difu hiyo imo ndani ya ekseli, na ekseli inabebwa na matairi. Springi ziko juu yake. Ukifunga springi ndefu, chesisi, bodi na tangi la mafuta vinapanda, ila difu inabaki pale pale. Kinachoinyanyua ni tairi peke yake, nalo hutoa nusu tu ya ukubwa lililoongeza: ukitoka 265/65R17, lenye kipenyo cha milimita 776 hivi, ukafunga 265/70R17 lenye 803, difu inapanda milimita 13 au 14. Kipimo cha mwendo nacho kitabaki nyuma kidogo. Mshale utakapokuwa kwenye 50, gari litakuwa limeongeza karibu kilomita mbili juu ya mwendo wake wa zamani, jambo la kukumbuka vijijini penye askari wa tochi.

Kunyanyua basi kuna faida gani? Tumbo halikwaruzwi, bampa haigongi ukingo wa korongo, na panapatikana nafasi ya tairi kubwa. Hizo ni faida za kweli. Gharama yake inategemea gari lako limeundwaje mbele.

Kwenye Hilux za kuanzia kizazi cha Vigo, kila gurudumu la mbele lina springi ya koili na shokapu yake, na difu ya mbele imening'inizwa kwenye chesisi. Spesa ya bei rahisi ni kipande cha chuma kinachowekwa juu ya shokapu. Kwa kuwa shokapu imeshika karibu katikati ya mkono wa chini, kipande cha milimita 25 hunyanyua gari karibu milimita 50. Ndiyo maana watu hushangaa kitu kidogo kufanya kazi kubwa. Springi haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba gurudumu sasa linaweza kushuka chini kuliko kiwanda kilivyokusudia, na difu hii ya mbele imepanda pamoja na chesisi, hivyo shafti zinafanya kazi zikiwa zimepinda. Mpira unaofunika kifundo cha shafti unachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia. Kwa maoni yangu milimita 50 ndiyo mwisho kwa gari la aina hii, na ni heri zipatikane kwa springi na shokapu zilizotengenezwa kwa kimo hicho kuliko kwa spesa.

Land Cruiser 79 haina tatizo hilo, kwa sababu mbele ina ekseli nzima iliyokaa juu ya springi za koili. Matatizo yake ni mengine. Ukiinyanyua, ekseli inazunguka kidogo na kuvutwa upande mmoja, usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga barabarani. Fundi anayejua kazi atabadilisha bushi za kurekebisha pembe ya ekseli. Asiyejua atakwambia gari ni jipya kwako, utalizoea.

Nyuma, pikapu nyingi zina springi bapa, yale mapande ya chuma yaliyolaliana. Huko ndiko ubunifu wa gereji umezidi. Wapo wanaopachika kipande cha chuma kati ya springi na ekseli, na wapo wanaorefusha vishikio vya springi mpaka propela shafti inaanza kutetemeka. Kuna jambo moja ambalo wateja hawaambiwi. Pikapu nyingi zina valvu ya breki iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Mzigo ukishusha bodi, valvu inaruhusu nguvu zaidi ya breki nyuma. Ukinyanyua bodi bila kurekebisha fimbo hiyo, valvu inadhani gari ni tupu siku zote, hata ukiwa umejaza magunia ya korosho au ufuta. Breki za nyuma zitalegea wakati unazihitaji zaidi.

Na mara nyingi tatizo la wenyeji huku si kimo. Gari limelala nyuma kwa sababu springi zimechoka kwa mizigo. Hapo unahitaji springi za kiwango kinachofuata mzigo unaoubeba kila siku. Ukifunga ngumu kupita kiasi, gari tupu litarukaruka kwenye changarawe na kuteleza konani.

Kuhusu maji, tusidanganyane. Mei 2024, mvua zilizoletwa na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi maeneo ya Somanga, na hakuna springi inayovusha gari mahali ambapo barabara yenyewe haipo. Kwenye maji ya kawaida ya magoti, kilicho muhimu ni mpira wa kupumulia wa difu urefushwe hadi juu. Difu iliyopata moto ikizama kwenye maji baridi huvuta maji ndani, na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa.

Ukisikia ushauri wangu, anza na matairi mazuri na shokapu nzima. Kwenye mchanga punguza upepo, urudishe kabla ya kupanda lami. Ukiamua kunyanyua, rekebisha wili alaimenti na mwanga wa taa, wajulishe watu wa bima, na usikubali fundi arudishe yuboliti za zamani: zikishakazwa mara moja huwa zimevutika, na kwa wanaobeba samaki na chumvi, kutu imeshazila. Nunua mpya, na ukifikisha kilomita 500 rudi gereji zikazwe tena.