Sampugadi: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuifunga

Gari linapoacha lami ya Barabara ya Mombasa hapo Kyumbi na kuingia njia za mawe za vijijini, jiwe moja linaweza kutoboa sampu. Mafuta ya injini yakimwagika na dereva akaendelea na safari, injini inaweza kukwama kwa dakika chache. Bamba la chuma la kukinga sampu, yaani sampugadi, huzuia hasara hiyo likifungwa vizuri.

Wenye magari wanashauriwa kuhakikisha kwamba:

- Gari limewekwa juu ya stendi imara kabla ya fundi kuingia chini. Jeki pekee haitoshi.
- Bamba limefungwa kwa bolti kwenye fremu, si kwenye sampu.
- Kuna nafasi kati ya bamba na sampu, ili bamba likigongwa na kupinda lisiiguse sampu.
- Bamba lina tundu la kumwagia mafuta, na matundu ya kupitisha hewa na maji.

Bolti zikazwe tena baada ya siku chache, na matope yaliyonaswa yaondolewe msimu wa mvua. Hata gari likiwa na bamba, taa ya mafuta ya injini ikiwaka, dereva asimame na kuzima injini mara moja.