Wayahudi wa Mbale: Kweli au Uongo?

Ukitoka Chwele, hapa Kabuchai, ukavuka mpaka Lwakhakha, si mbali kufika Mbale wanakoishi Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Upande huu wa Mlima Elgon husikika mengi kuwahusu. Tuyapime.

"Ukitahiriwa tu, umeshakuwa Myahudi."
UONGO. Wabukusu hutahiri vijana wao kila Agosti ya mwaka wa shufwa, na hawawi Wayahudi kwa hilo. Myahudi hutahiri mwanawe siku ya 8. Ni kweli Semei Kakungulu, mwanzilishi wa Abayudaya, alianzia hapo: mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, na alipoambiwa hayo ni mambo ya Wayahudi, akajitangaza Myahudi. Lakini mwaka 2002 takriban Abayudaya 400 walipotaka kutambuliwa na Wayahudi wenzao, ilibidi wasimame mbele ya baraza la marabi na kuzama majini.

"Wanawinda waumini."
UONGO. Hawafanyi mikutano ya injili. Kwa mapokeo yao, anayeomba kuingia hurudishwa mara tatu ili nia yake ipimwe. Kwao, asiye Myahudi akishika amri 7 za Nuhu, kama kutoua na kutoiba, ni mwema mbele za Mungu bila kubadili dini.

"Hawali nasi."
NUSU KWELI. Nyama wanayokula ni ile iliyochinjwa kwa sheria yao, wala haichanganywi na maziwa. Kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku hawafanyi kazi. Masharti hayo yanambana Myahudi, si mgeni wake. Na kuyashika kumewagharimu: Idi Amin alipopiga marufuku ibada yao, wengi walihamia Uislamu na Ukristo, wachache waliobaki walisali kwa siri.

"Wamejifungia."
UONGO. Mwaka 2004 JJ Keki, mmoja wa Abayudaya, aliwaunganisha wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo katika ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Gunia la Mkristo na la Myahudi yaliuzwa pamoja. Mwaka 2016 Rabi Gershom Sizomu alichaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Kura za Wayahudi peke yao zisingemfikisha bungeni.

Kwa hiyo Myahudi wa Mbale akija harusini kwako asiguse nyama, usiseme anaringa. Sheria inamkataza sahani, haimkatazi jirani. Ukimwalika tena, muulize mapema anakula nini.