Meli ya Utafiti Baharini: Inatafuta Nini Chini ya Sakafu ya Bahari?

Meli ya utafiti inapoonekana nje ya Malindi au Ngomeni ikienda polepole kwa mstari ulionyooka, usiku na mchana, maneno huenea ufuoni upesi: mafuta yamepatikana! Wengine huanza kuulizia bei ya mashamba. Wavuvi nao huuliza ni nani atakayewalipa nyavu zao zikikatwa. Makala haya yanaeleza kazi ya meli hiyo, inachoweza kutambua na isichoweza.

Madagascar ilikuwa jirani yetu

Ushahidi wa kwanza uko nchi kavu, hapa hapa Kilifi. Mawe ya mchanga ya Mazeras na Mariakani, yanayotumika kujengea na kupamba sakafu, yaliwekwa na mito kabla bahari haijafika hapa. Wakati huo Madagascar ilikuwa imeshikana na Afrika. Mawe ya chokaa ya Kambe ni tofauti: yaliumbika baharini, na ndani yake mna mabaki ya viumbe wa maji ya chumvi. Maana yake ni kwamba ardhi ilivutwa, ikapasuka, na bahari ikaingia.

Madagascar ilianza kujitenga takriban miaka milioni 160 iliyopita, ikasogea kusini. Mwaka wa 1983 wanasayansi Rabinowitz, Coffin na Falvey walieleza katika jarida la Science, kwa kutumia vipimo vya usumaku wa sakafu ya bahari, kwamba kisiwa hicho kilitoka kaskazini, ubavuni mwa Somalia, Kenya na Tanzania.

Ardhi ikivutwa hukonda, kama donge la unga wa chapati. Chini ya bara, ganda la dunia huwa na unene wa kilomita 30 hadi 40 hivi. Chini ya bahari kuu ni kilomita 7 tu. Sehemu iliyokonda kati ya hayo mawili ndiyo ukingo wa bara. Ukingo wetu umefunikwa na mchanga na tope lililoletwa na mito kwa mamilioni ya miaka. Mahali pengine tabaka hizo zinazidi kilomita 10. Hakuna mpiga mbizi wala kamera inayoweza kuona huko. Sauti ndiyo hufika.

Mwangwi unavyosomwa

Meli hukokota mitutu inayofyatua hewa iliyoshindiliwa kila baada ya sekunde chache. Nyuma yake huvuta nyaya za kilomita kadhaa zenye vipokezi vya sauti. Majini, sauti husafiri mita 1,500 hivi kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 4, sauti imekwenda na kurudi kilomita 6. Kwa hiyo sakafu iko kina cha kilomita 3.

Sehemu ya sauti hupenya sakafu na kurudi kutoka kila tabaka. Kadiri mwamba ulivyo mgumu, ndivyo sauti inavyokwenda kasi: katika mwamba mgumu wa ganda la dunia ni kilomita 6 hadi 7 kwa sekunde, na chini ya ganda ni kama 8. Wataalamu wakitaka kupima unene wa ganda lote, hutua vipokezi vingine kwenye sakafu ya bahari, mbali na meli, ili vinase mawimbi yaliyozama kina kirefu kisha yakapanda tena.

Unene huo una maana kwa wanaotafuta mafuta na gesi. Ganda likiwa jembamba, joto la chini hupanda zaidi, na joto ndilo linalogeuza mabaki ya viumbe yaliyofukiwa kuwa mafuta au gesi.

Picha haioni mafuta

Hata hivyo, picha ya mwangwi huonyesha umbo la mawe. Haihakikishi kilichomo ndani. Ni lazima kisima kichimbwe, na mara nyingi kisima huvunja moyo. Mwaka wa 2012, kisima cha Mbawa-1 nje ya pwani yetu kilikuta gesi, lakini hakuna uzalishaji uliofuata. Kisima cha Mlima-1, kilichoanza kuchimbwa mwishoni mwa 2021 katika kina kirefu cha bahari, hakikupata kitu cha kuendelezwa. Kwa hiyo usiuze wala kununua shamba kwa sababu umeona meli.

Haki yako kabla kazi haijaanza

Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inataka athari za miradi ya aina hii zitathminiwe chini ya usimamizi wa NEMA, na wananchi wasikilizwe. Mkutano ukiitishwa, fika na uulize:

- Meli itapita wapi, na tarehe gani? Nyaya zake haziwezi kukwepa nyavu wala madema.
- Wavuvi watakaozuiwa kuingia eneo hilo, au watakaoharibiwa vifaa, watafidiwa vipi, na na nani?
- Je, kazi itafanywa kati ya Julai na Septemba, nyangumi wanapopita Watamu?
- Je, sauti itaanza chini na kupandishwa polepole ili wanyama wapate nafasi ya kuondoka?

BMU ya ufuo wako iandike majina ya wavuvi, vyombo na maeneo yao ya uvuvi mapema. Madai ya fidia yenye kumbukumbu husikilizwa. Yasiyo na kumbukumbu hugeuka mabishano.