Fez: Mji mkongwe ambao ungali kazini

Watalii wengi wanaozuru Fez, nchini Moroko, hukimbilia kupiga picha kwenye lango la Bab Boujloud, lenye vigae vya buluu upande wa nje na vya kijani upande wa ndani. Ni lango zuri, lakini si la kale kama wanavyodhani. Lilijengwa mwaka 1913, chini ya utawala wa Wafaransa. Mji wenyewe ulianzishwa mwishoni mwa karne ya 8, na ukale wake huanza ukishalipita lango hilo na kuteremka.

Naam, kuteremka, kwa maana vichochoro huelekea bondeni, tena huzidi kuwa vyembamba. Gari halipiti. Mizigo hubebwa na punda na baghala. Ukisikia "Balak!" nyuma yako, bana ukutani upesi. Hiyo ndiyo "simile" ya huko, na mnyama hangoji uelewe Kiarabu. Mzaliwa wa Lamu hahitaji kufunzwa.

Huko chini ndiko uliko msikiti wa Qarawiyyin. Inasimuliwa kuwa uliasisiwa mwaka 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri, ambaye jamaa zake walitoka Kairouan, Tunisia. Madarasa yake yalizaa chuo kikuu ambacho wengi hukihesabu kuwa kikongwe zaidi duniani. Asiye Mwislamu haingii msikitini, ila anaweza kuzuru Bou Inania, madrasa yenye nakshi za kupendeza iliyojengwa na Sultani Abu Inan katika miaka ya 1350. Sultani huyo ndiye aliyeamuru safari za Ibn Battuta ziandikwe. Kwa hivyo habari za Mombasa na Kilwa za mwaka 1331, ambazo wanafunzi wetu husoma katika historia, ziliandikwa kwa amri iliyotoka Fez.

Kisha kuna Chouara, wanakotengeneza ngozi. Mwenye duka hukupandisha orofani, akakupa majani ya mnanaa unuse, kwa sababu harufu si ya mchezo. Chini yako ni mashimo ya mawe, mengine ya chokaa na kinyesi cha njiwa cha kulainishia ngozi, mengine ya rangi. Wanaume wamesimama humo, miguu imezama, wakikanyaga ngozi za mbuzi na kondoo. Juu yao kamera zinalia mfululizo. Sisi Wakenya, ambao tumepigwa picha na watalii bila kuulizwa, tungetarajiwa kujua jinsi jambo hilo linavyokera. Wale ni mafundi walio kazini. Mwombe mtu ruhusa kwanza, na ukipenda mkoba, nunua, ila bei ya kwanza usiikubali.

Kiongozi wa watalii na awe mwenye kitambulisho rasmi. Kijana akikuambia njia imefungwa, mara nyingi haijafungwa, anatafuta bakshishi tu. Na ukipotea, nawe utapotea, tafuta barabara ya Talaa Kebira uipande. Bab Boujloud liko huko juu.