Ukuta Usioandikwa: Neno Moja katika Sheria ya Dini na Dola

Wengi hudhani kwamba katiba ya Marekani yataja ukuta kati ya kanisa na dola. Sivyo. Badiliko la Kwanza, lililothibitishwa mwaka 1791, halina neno "ukuta" wala "kanisa". Lalikataza Bunge kuweka dini rasmi au kuwazuia watu kufuata dini zao. Ukuta ni tamathali ya Thomas Jefferson, katika barua yake ya mwaka 1802 kwa Wabaptisti wa Danbury, Connecticut. Mwaka 1947, katika kesi ya Everson, Mahakama ya Juu iliirudia, ikasema ukuta huo uwe mrefu usiopenyeka; papo hapo, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikakubali wazazi wa New Jersey warudishiwe nauli za basi za watoto waendao shule za Kikatoliki.

Mfasiri wa Kiswahili na ajihadhari. "Kanisa" kwetu ni la Wakristo, Mwislamu hamo. Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, yataja "jumuiya za dini" na "mamlaka ya nchi": maneno mapana, tena hayana ukuta. Basi yafaa tuseme "dini na dola", kwani hakimu huamua kwa neno lililoandikwa, na tamathali huweza kumpoteza.