Chambo cha samaki tutengeneze, lakini plombo isiingie jikoni



Siku ya posho iliyopita tulipita kwa mwenzetu mmoja kuchukua viti vya chama. Tuliona moshi nyuma ya nyumba. Watoto watatu walikuwa wamechutama kando ya mbabula, na juu ya makala kulikuwa sufuria ndogo yenye kitu kinachong'aa kama kioo. Tukauliza: "Munapika nini, watoto?" Mkubwa wao akajibu kwa furaha: "Mama, ni plombo ya batri ya gari. Tunatengeneza chambo cha kuvulia samaki."

Sufuria ile ilikuwa ya uji wa mtoto wa mwisho. Naye mtoto huyo alikuwa ameketi mgongoni mwa dada yake, pua juu ya moshi.

Hatukugomba. Tulizima moto, tukawatoa watoto pale, tukawanawisha mikono kwa sabuni. Kisha tukakaa na mama yao. Yale tuliyozungumza tunayaandika hapa, maana likizo ikifika, paraseli nyingi zina watoto wanaotaka kufuata wajomba zao kuvua Kafubu, Kapolowe ao Kasenga.

Kazi yenyewe ni nzuri

Tuseme kwanza ukweli: kutengeneza chambo cha bandia ni kazi ya akili. Samaki anayekula wenzake, kama manda mwenye meno makali, hufuata kitu kinachong'aa na kutikisika majini. Kule ziwa Tanganyika wavuvi hufunga manyoya ya kuku kwenye ndoano, na samaki huyafikiria kuwa ni dagaa. Mtoto anayejifunza hayo anajifunza kupima, kukata, na kungojea rangi ikauke. Tusimnyime.

Shida iko kwenye plombo, yaani madini ya risasi. Vijana huitaka kwa sababu ni nzito na huyeyuka upesi: digrii 327 zinatosha, na mbabula yenye makala mazuri inafika pale bila shida. Lakini moshi na vumbi lake havibaki ndani ya sufuria. Vinatua kwenye nguo, kwenye udongo wa uwanja, kwenye vidole. Mtoto mdogo anatambaa pale, kisha anatia vidole kinywani.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kipimo cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mwili wa mtoto hunyonya risasi mara 4 mpaka 5 kuliko wa mtu mzima. Risasi hujificha katika mifupa, na mama akiwa na mimba inaweza kutoka humo na kumfikia mtoto tumboni, hata katika maziwa. Mara nyingi hakuna dalili mwanzoni. Baadaye tumbo linauma, choo kinakuwa kigumu, damu inapungua, na mtoto aliyekuwa mwepesi darasani anaanza kubaki nyuma. Mama anadhani ni uvivu.

Tena sisi wa Lubumbashi tumeshabeba mzigo wetu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini huku Katanga wana kobalti nyingi katika mkojo, pamoja na madini mengine, risasi ikiwemo. Tusiongeze nyingine kwa mikono yetu.

Mama mmoja wa Mombasa

Kule Mombasa, Kenya, katika mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa kiwanda kilichoyeyusha batri za zamani. Mama Phyllis Omido alipata kazi pale, na mtoto wake akaanza kuugua. Waganga walitafuta malaria, wakatafuta tifoidi. Mwishowe damu ikapimwa risasi, nayo ikaonekana. Mama alielezwa kwamba huenda ilipita katika maziwa yake mwenyewe.

Hakunyamaza. Alikusanya majirani, na mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaaji wa mtaa walipwe shilingi za Kenya bilioni 1,3. Mbabula yetu si kiwanda, ni kweli. Lakini batri ni ile ile, na mtoto ni yule yule.

Namna ya kufanya bila plombo

Chukueni kijiko cha zamani kisicholiwa tena, ao kipande cha shaba. Mji wetu ni mji wa shaba, na shaba ikisuguliwa hung'aa vizuri majini. Lakini inunuliwe ao itoke katika mabaki ya nyumbani: nyaya za umeme za mtaani zisiguswe.

Mtu mzima akate mpini wa kijiko. Toboeni tundu kila upande kwa msumari na nyundo, mukilaza kijiko juu ya ubao. Sugueni kingo kwa tupa zisikate uzi. Ndoano inafungwa upande mpana kwa pete ya waya, uzi upande mwembamba. Kijiko chenyewe ni kizito, kinazama bila kuongezewa kitu. Kikihitaji uzito zaidi, fungeni nati ya chuma juu kidogo kwenye uzi. Nati moja ya zamani inafanya kazi ya plombo, na haimdhuru mtu.

Wanaopenda chambo cha mti wachonge mti mwepesi, mkavu, urefu wa kidole. Hapo ndipo kumaliza kazi kunataka uvumilivu:

1. Sugueni kwa karatasi ya msasa mpaka mkono usisikie mwiba.
2. Pakeni vanishi nyembamba mara mbili, ili maji yasiingie na mti usivimbe.
3. Pakeni rangi nyeupe kwanza. Juu yake rangi nyingine zinang'aa.
4. Mgongo uwe wa giza, tumbo jeupe, kama samaki wa kweli. Wekeni jicho kubwa.
5. Malizeni kwa vanishi tena. Ndoano zifungwe mwisho kabisa.

Kila tabaka likauke kabla ya lingine: tungikeni chambo kwenye kamba ya nguo, nje. Mukienda haraka, rangi inabambuka siku ya kwanza mtoni. Rangi ya kucha iliyobaki katika chupa zetu inafaa sana, lakini ipakwe nje na mbali na mbabula, maana inashika moto upesi. Mukinunua rangi dukani, tafuteni kopo lililoandikwa kwamba haina risasi. Na ncha ya kila ndoano ichomekwe kwenye kipande cha kizibo, mdogo asijichome.

Kama imeshatokea

Sufuria iliyoyeyusha risasi isirudi kupikia, hata ikisuguliwa kwa mchanga. Uwanja usifagiliwe ukiwa mkavu. Mwagieni maji kwanza. Nguo za mvuvi zifuliwe peke yake. Musimwage maji juu ya risasi iliyoyeyuka, kwa kuwa inaruka na kuchoma macho. Mtoto apelekwe kwa munganga, na mama aseme wazi: "Alikuwa karibu na plombo ya batri." Bila kuambiwa, munganga atatafuta malaria. Ulizeni kama damu inaweza kupimwa. Nyumbani, chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu kinasaidia mwili usinyonye risasi nyingi: lengalenga, sombe, maharagi, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Mtoto asiachwe na njaa, kwa sababu tumbo tupu linanyonya zaidi.

Mwenzetu alikubali tuandike habari hii. Alisema: "Mimi mwenyewe niliwapa makala." Hakujua, na wengi wetu hatukujua. Tulichanga, akanunua sufuria mpya, na wale watoto watatu wametengeneza vijiko vinne vya shaba. Mkubwa anangojea likizo aende navyo Kapolowe.

Akileta samaki, tutakuja na bukari.