Wanyama barabarani: dakika 15 zinazoweza kuokoa lori na mzigo

KAMPALA – Wasafirishaji wanaotoka Kampala na mizigo ya Sudan Kusini au Kongo hupita kwenye makazi ya wanyamapori. Njia ya Gulu na Elegu huvuka Mto Nile pale Karuma, jirani na Hifadhi ya Murchison Falls. Njia ya Mpondwe kupitia Katunguru na Kikorongo hukatiza Hifadhi ya Queen Elizabeth. Chakula na mwendo huchangia sana wanyama kugongwa.

Karuma, nyani wamezoea kungoja ndizi na mabaki yanayotupwa na wasafiri. Nyani aliyezoea kulishwa haogopi gari, bali hulifuata. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA) inakataza kuwalisha. Mahindi yanayomwagika kutoka gunia lililotoboka nayo huwavuta, hivyo funga turubai vizuri.

Katunguru, barabara huvuka Mfereji wa Kazinga. Viboko hushinda majini mchana na kutoka usiku kula majani. Kiboko mkubwa huzidi tani moja, na rangi yake humfanya asionekane mapema gizani.

Hapo ndipo mwendo unapoamua. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari husogea mita 22 kila sekunde, hata kabla mguu haujagusa breki. Ukipunguza hadi 40, umbali huo huwa nusu, na ule wa kusimama baada ya kukanyaga breki hushuka hadi karibu robo.

Wenzetu wa Tanzania wanalijua hili. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia hupita kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Huko mwendo una kikomo, na anayegonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama.

Sasa piga hesabu. Kilomita 20 za hifadhi kwa mwendo wa 80 ni dakika 15. Kwa 40 ni dakika 30. Unapoteza dakika 15 tu. Ukigonga nyati, rejeta hupasuka, lori hulala porini na samaki huoza. Mwenye mzigo anayemhimiza dereva kwa simu akumbuke hayo.

Ukigonga mnyama, usimsogelee: aliyejeruhiwa ni hatari. Washa taa za tahadhari, kaa ndani ya gari ukiwa salama, kisha wajulishe polisi au askari wa UWA.